Sakafu ya saruji inatoa vumbi na rangi inabanduka: tuizibe kwa kitu gani?

Swali: "Nyumba yetu ina sakafu ya saruji tupu, hatujaweka vigae. Nikifagia asubuhi, mchana vumbi la kijivu limesharudi. Mwaka jana tulipaka rangi ya mafuta chumba cha kulala. Baada ya miezi michache ikaanza kuvimba na kubanduka, hasa upande wa ukuta wa nje, na sasa pale pana unga mweupe unaorudi kila nikiufuta. Sebuleni hatujapaka kitu. Tuna pia gereji ambayo mafuta ya gari yamemwagika mara nyingi. Fundi mmoja anasema tupige niru mpya juu ya sakafu ya zamani, mwingine anasema tupake epoksi nyumba nzima tumalize kazi. Nina mtoto anayetambaa. Tuizibe sakafu kwa kitu gani, na je, tunaweza kufanya wenyewe?"

Pole kwa kero hii, ndugu yangu. Vumbi la saruji linachosha hata kwa mtu mzima, na mtoto anapotambaa juu yake wasiwasi wako una msingi.

Nimelisoma swali lako nikaona lina sakafu tatu ndani yake, ingawa umeuliza kana kwamba ni moja. Sebuleni tatizo ni uso dhaifu unaosagika. Chumbani tatizo ni maji yanayotoka chini. Gerejini ni mafuta yaliyozama, pamoja na uzito na joto la magurudumu. Ndiyo maana mafundi wako wawili wanakupa majibu tofauti: kila mmoja anataka kutibu sakafu zote tatu kwa dawa moja.

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Usipake epoksi, yaani rangi nzito ya makopo mawili inayoganda na kuwa ngumu, nyumba nzima, na usipige niru nyembamba juu ya sakafu ya zamani. Pima unyevu kwanza, vyumba vyote. Kama sebule ni kavu, iimarishe kwa dawa ya silikati inayozama ndani ya saruji, kazi ambayo mnaweza kuifanya wenyewe. Chumba cha kulala kiachwe bila rangi yoyote mpaka chanzo cha maji kijulikane. Gereji inaweza kupakwa epoksi ikithibitika ni kavu na mafuta yameondolewa kweli. Sasa nikueleze sababu, kwa kuwa ukizielewa hutahitaji kumwamini fundi yeyote kwa maneno matupu.

Zege huonekana gumu na zima, lakini limejaa vinyweleo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unahitaji karibu lita 20 za maji ili ukomae kikamilifu. Mafundi wengi huongeza zaidi ya hapo, kwa sababu zege jepesi ni rahisi kumwaga na kusambaza. Maji ya ziada hayatumiki kukomaza saruji. Hukaa ndani, kisha hukauka polepole na kuacha njia nyembamba sana zilizounganika toka juu hadi chini. Kwa njia hizo zege hunywa kinachomwagika juu yake, na kwa njia hizohizo unyevu wa ardhini hupanda kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Sakafu haihitaji kuwa na ufa ili ipitishe maji.

Vumbi lako nalo lina historia yake. Zege likishamwagwa, kokoto na mchanga hushuka kidogo na maji hupanda juu. Fundi mwenye subira huyangoja maji hayo yapotee ndipo alainishe uso kwa mwiko. Mwenye haraka huanza kulainisha maji yakiwa bado juu, au hunyunyiza saruji kavu ili iyafyonze, na kwa macho kazi hutoka ikiwa inang'aa. Kumbe ameurudisha ndani ya tabaka la juu kabisa wingi wa maji ambao ungepaswa kutoka, na tabaka hilo likikauka huwa ni utando dhaifu wa saruji na mchanga laini. Kama pia sakafu haikumwagiliwa au kufunikwa walau wiki moja baada ya kumwagwa, jua na upepo viliukausha uso kabla saruji haijapata nguvu. Kwa hiyo vumbi unalolifagia halitoki nje. Ni sakafu yenyewe inasagika chini ya miguu na ufagio, na kila unavyofagia kwa nguvu ndivyo unavyozidi kuichuna.

Upime udhaifu huo ulipofika. Chukua msumari, ukwaruze sehemu iliyojificha nyuma ya mlango. Ukiacha mstari mweupe tu, uso bado una afya na dawa ya kuimarisha itatosha. Ukichimba mfereji na unga ukatoka kwa wingi, hakuna dawa ya kupaka itakayouokoa. Utando huo lazima usagwe kwa mashine mpaka ufike kwenye saruji ngumu.

Hapa ndipo ushauri wa niru unapoanguka. Niru ni uji wa saruji, nao hunywea unapokauka. Sakafu ya zamani imeshamaliza kunywea zamani. Ukiweka tabaka jembamba linalojivuta juu ya tabaka lililotulia, na katikati yake kuna vumbi, litapasuka vipande vipande na kuachana na la chini. Litashika miezi kadhaa, kisha ukigonga kwa mpini wa nyundo utasikia mlio wa uwazi. Sisemi kwamba haiwezekani kuweka tabaka jipya la saruji. Inawezekana, ila ni kazi nyingine kabisa: uso wa zamani unakwaruzwa hadi uwe na makovu, unasafishwa, unapakwa gundi maalumu ya saruji, kisha juu yake unawekwa mchanganyiko wa saruji na mchanga wenye unene wa milimita 25 hadi 40. Ipo pia michanganyiko ya dukani yenye gundi ndani yake, inayoweza kumwagwa kwa unene wa milimita chache tu, lakini nayo inadai uso uliosagwa na kupakwa gundi. Aliyekuambia tu "tunapiga niru juu", bila kutaja kukwaruza wala gundi, anakuuzia kazi ambayo utairudia.

Turudi chumba cha kulala, maana pale ndipo sakafu yako inapojieleza vizuri zaidi. Okota vipande vya rangi vilivyobanduka uvigeuze, uangalie mgongo wake. Kama mgongo umebeba unga wa kijivu, rangi ilishika vizuri ila ikang'oka pamoja na utando dhaifu wa saruji. Kama mgongo ni laini, unanata au unateleza kidogo ukiuloanisha, rangi yenyewe imeoza kikemia. Na kama mgongo ni safi na sakafu chini yake ni nyeusi kwa unyevu, basi maji ndiyo yaliyoisukuma. Mara nyingi utakuta dalili mbili kwa pamoja.

Kuoza huko kikemia kunastahili maelezo, kwa kuwa wengi hulaumu rangi kuwa ni feki. Saruji mpya ina ukali mkubwa wa alkali, pH yake ikifika 12 hadi 13, kwa sababu ya chokaa inayozalishwa inapokomaa. Rangi ya mafuta hutengenezwa kwa mafuta ya asili au kitu cha jamii hiyo. Mafuta yakikutana na alkali na maji hugeuka sabuni, kwa njia ileile inayotumika kutengeneza sabuni ya kuogea. Uso wa saruji ya zamani hupoteza ukali huo taratibu kwa kukutana na hewa, lakini unyevu ukipanda toka chini hubeba alkali ya ndani na kuileta juu upya. Hata ungenunua rangi ya mafuta ya bei ya juu kuliko zote, katika chumba kile ingekwenda njia hiyohiyo. Kwa sakafu ya saruji inayogusana na ardhi, rangi ya mafuta haifai, na fundi aliyeipaka alipaswa kulijua hilo.

Unga mweupe karibu na ukuta si fangasi kama watu wengi wanavyodhani. Maji yanapopita ndani ya zege huyeyusha chokaa na chumvi nyingine, yakifika juu hukauka na kuziacha. Ukitaka kuhakikisha, dondoshea siki kidogo: chokaa iliyokutana na hewa hutoa povu la vipovu vidogo. Chumvi nyingine hazitoi povu ila huyeyuka kwenye maji. Fangasi hafanyi lolote kati ya hayo, na kwa kawaida ana harufu ya uvundo. Chumvichumvi hiyo haidhuru afya ya mtoto kama fangasi, lakini kule kurudi kwake kila ukiifuta kunakuambia kwamba maji bado yanapita leo, si mwaka jana tu.

Kabla ya kununua chochote, fanya kipimo cha nailoni. Kata vipande vya nailoni nzito inayoonyesha, kila kimoja sentimita 45 kwa 45. Safisha sakafu, kilaze kipande, ukizungushie gundi ya utepe pande zote nne kusiwe na mwanya wa hewa. Weka kimoja karibu na ukuta wenye tatizo, kimoja katikati ya chumba, viwili sebuleni na viwili gerejini, mbali na jua la moja kwa moja. Viache saa 16 kwa uchache, mimi napendelea siku mbili. Ukifunua ukakuta matone upande wa chini wa nailoni, au zege limekuwa jeusi kuliko la pembeni, pana unyevu unaopanda. Ukikuta pakavu ni habari njema, ila si uthibitisho kamili. Kipimo hiki hukamata unyevu mwingi na kinaweza kukosa ule wa wastani, na sakafu iliyo kavu wakati wa kiangazi inaweza kulowa mvua zikija. Kirudie msimu wa mvua kabla ya kuweka kitu cha gharama kubwa kama epoksi.

Kama nyumba ni mpya, usichanganye kukomaa na kukauka. Siku 28 zinazotajwa mara nyingi ni za zege kupata nguvu yake. Kukauka huchukua muda mrefu zaidi. Kanuni ya kukadiria ni mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, hali ya hewa ikiwa nzuri. Sakafu ya sentimita 10 inahitaji takriban miezi minne.

Sasa maji ya chumbani yanatoka wapi? Anza nje. Zunguka hadi upande wa pili wa ukuta ule uangalie kama udongo umejaa kupita usawa wa sakafu ya ndani, kama maji ya paa yanaanguka pale pale, kama kuna bustani inayomwagiliwa, shimo la maji machafu au bomba linalopita. Kushusha udongo, kuelekeza maji ya mvua mbali na msingi na kuziba bomba linalovuja ni kazi zisizo na mvuto, lakini nimeona vyumba vikikauka kwa hatua hizo tu, bila kopo hata moja la dawa. Ipe sakafu miezi kadhaa ya kukauka baada ya hapo, kisha pima tena.

Kama nje hakuna kosa, uwezekano mkubwa ni kwamba chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, hakukutandikwa karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu, au ilitandikwa ikatoboka wakati wa kumwaga zege. Hilo huwezi kulirekebisha kwa rangi. Nalisisitiza kwa sababu ndiyo dhana inayowagharimu watu zaidi: kuziba juu hakuondoi maji ya chini. Kunayazuia yasitoke pale, nayo hukaa chini ya tabaka na kuliinua kwa malengelenge, au husogea pembeni hadi kwenye ukuta na kuanza kubandua lipu. Kuna epoksi maalumu za kuzuia unyevu, zinazotengenezwa kwa kazi hiyo hasa, na hufanya kazi. Lakini zinataka sakafu iliyosagwa kwa mashine, unene uliopimwa na mtu aliyezizoea. Hiyo si kazi ya kujifunzia chumbani kwa mtoto.

Kwa sasa, chumba kile kifanyie mambo mawili. Ondoa rangi iliyolegea, ila usiipige msasa ikiwa kavu. Rangi za mafuta bado huweza kuwa na madini ya risasi katika nchi nyingi, na vumbi lake ni sumu kwa mtoto mdogo kuliko kwa mtu yeyote mwingine nyumbani. Iloanishe kwa maji, ikwangue taratibu, kusanya maganda kwenye mfuko, kisha piga deki zaidi ya mara moja kwa maji safi. Mtoto asiwepo siku hiyo. Halafu iache sakafu ipumue. Usiweke zulia la mpira wala kapeti ya plastiki juu yake, kwa maana itaozea chini. Mkeka mnaouinua kila siku unatosha.

Sebule ndiyo yenye suluhisho la kufurahisha. Silikati ni dawa ya majimaji, ya sodiamu, potasiamu au litiamu, ambayo haikai juu kama rangi. Huingia kwenye vinyweleo, hukutana na chokaa iliyobaki ndani ya saruji, na kwa pamoja hutengeneza kitu kilekile kinachoipa saruji ugumu wake. Unaiongezea saruji gundi yake yenyewe, kwa hiyo hakuna tabaka la kubanduka baadaye. Mvuke wa unyevu mdogo bado hupita, na hilo ni jambo jema. Vumbi hupungua sana, kwa kawaida hukoma.

Ila nisikudanganye kuhusu mipaka yake. Silikati haiifanyi sakafu isipitishe maji kabisa, na haizuii doa la mafuta yakikaa muda mrefu. Haileti rangi wala mng'ao mkubwa. Na haifanyi kazi juu ya rangi, nta au dawa nyingine iliyoziba vinyweleo. Kujua kama uso uko wazi, dondosha maji kidogo: yakizama ndani ya dakika chache na kuacha doa jeusi, dawa nayo itazama. Yakikaa juu kama shanga, kuna kitu kinachozuia, na lazima kiondolewe kwanza.

Namna ya kuipaka si ngumu. Toa vyombo vyote, fagia, kisha piga deki mpaka maji ya kusuuza yatoke safi, uiache sakafu ikauke. Jaza nyufa ndogo. Vaa miwani na glovu, kwani dawa hii ina alkali kali, na funika vioo na fremu za alumini zilizo karibu maana huziacha na madoa yasiyotoka. Mwagia kwa bomba la kunyunyizia au rola, na kazi yako kuu ni kuhakikisha uso unabaki umelowa kwa muda ulioandikwa kwenye chombo, mara nyingi nusu saa hivi, ukiongeza pale panaponyonya haraka. Baadaye ondoa yote iliyobaki juu kwa maji na mopu. Hatua hii ndiyo wengi huiruka. Silikati ya sodiamu ikikaukia juu hugeuka ukoko mweupe kama kioo ambao hautoki kwa deki. Ya litiamu huacha mabaki machache, ila bei yake huwa juu. Saruji inayonyonya sana hupewa awamu ya pili kesho yake. Kisha pitisha kitambaa cheusi kikavu baada ya siku kadhaa, kitakuonyesha kama vumbi limekoma.

Ukitaka sebule iwe rahisi kufuta uji uliomwagika, juu ya silikati iliyotulia unaweza kuongeza tabaka jembamba la dawa ya kuziba ya akriliki au poliurethani inayochanganywa kwa maji, isiyo na mng'ao. Akriliki ni rahisi kupaka na kurudia, lakini huchakaa kwenye njia ya miguu, na baada ya mwaka mmoja hadi mitatu utaipaka tena. Poliurethani ni ngumu zaidi. Ile ya makopo mawili ya kuchanganya, hata kama inachanganywa kwa maji, ina kemikali za isosianati zinazoweza kumletea mtu pumu, kwa hiyo mwachie fundi mwenye barakoa sahihi. Nta hung'arisha, lakini inateleza, inahitaji kusuguliwa mara kwa mara, na siku utakayotaka kupaka kitu kingine haitakubali kishike. Dawa za sileni na siloksani, zinazofanya saruji isinywe maji, ni nzuri sana kwa baraza na njia za nje zinazonyeshewa mvua, ila kwa vumbi la ndani hazikusaidii sana.

Gereji ni mahali ambapo epoksi inastahili sifa zake. Inastahimili mafuta, kemikali na uzito, na hufutika kwa kitambaa. Mara nyingi inashindwa pale maandalizi yanapokuwa ya juujuu. Mafuta yaliyozama huondolewa kwa sabuni kali ya kuondolea grisi na brashi ngumu, kwa kurudia, kisha unadondosha maji juu ya doa. Yakisimama kama shanga, mafuta bado yapo na epoksi haitashika. Asidi haiondoi mafuta, ingawa utaambiwa hivyo. Asidi hula saruji ili kuukwaruza uso, na mafuta huilinda saruji isiliwe. Mimi napendelea kusaga kwa mashine yenye kivuta vumbi kuliko asidi ya hidrokloriki, ambayo mvuke wake huunguza mapafu na kutia kutu kila chuma kilicho karibu. Ukilazimika kuitumia, mimina asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, milango ikiwa wazi, halafu isuuze kwa maji ya magadi na maji mengi safi. Isikutane hata kidogo na dawa ya klorini ya kufulia, kwani hutoa gesi inayoweza kuua. Kusaga nako kuna hatari yake: vumbi la zege lina silika, ambayo kuivuta kwa muda huharibu mapafu bila kupona. Kitambaa cha puani hakitoshi, inahitajika barakoa ya kuchuja vumbi laini.

Epoksi yenyewe ni makopo mawili, moja likiwa la kigumu, yaani dawa ya kuigandisha, na uwiano wake ni lazima ufuatwe kama ulivyoandikwa. Kuongeza kigumu ili ikauke haraka kutakupa sakafu inayonata daima. Ikishachanganywa huanza kupata joto, na una dakika 20 hadi 40 tu, pungufu kukiwa na joto. Changanya kidogo kidogo na uimwage kwenye sakafu mapema, maana ikirundikana kwenye ndoo huchemka na kuganda. Paka jioni, joto la zege linaposhuka. Ukipaka asubuhi jua likipanda, hewa iliyo ndani ya vinyweleo hutanuka na kutoboa matundu madogo kila mahali. Joto la sakafu liwe angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua, la sivyo utapaka juu ya unyevu usiouona. Nyunyizia mchanga laini wa kuzuia utelezi kwenye tabaka la mwisho, kwa sababu epoksi iliyolowa maji ni hatari. Karibu na mlango unaopigwa na jua itageuka njano, na hapo poliurethani juu yake husaidia. Kutembea ni baada ya siku moja, gari liingie baada ya siku 7, kwani magurudumu yenye joto hung'oa epoksi changa.

Mwite mtaalamu aje aone kwa macho kama nailoni ya chumbani itaendelea kutoa matone hata baada ya kurekebisha nje. Ana vipima unyevu vinavyoingizwa ndani ya zege kwa kutoboa, na vipimo hivyo huonyesha kilichomo ndani, si juu tu. Mwite pia ukiona ufa unaopanuka, ufa wenye upande mmoja ulioinuka kuliko mwingine, au sakafu inayotitia, kwa sababu hapo tatizo ni la msingi au udongo na si la kupaka. Ukigonga ukasikia eneo kubwa linalia uwazi, au sakafu ina joto au unyevu mahali pamoja tu ambapo bomba linapita, usisubiri.

Kuhusu mtoto, mpangilio mzuri ni kufanya sebule kwanza akiwa amelala kwingine. Silikati ikishasuuzwa vizuri na kukauka, haiachi harufu, na anaweza kurudi kesho yake baada ya deki moja ya maji safi. Ukiongeza akriliki au poliurethani ya maji ya kopo moja, fungua madirisha na usimrudishe hadi siku zilizoandikwa kwenye kopo za kukomaa kabisa zipite, si zile saa chache za kukauka kwa kugusa. Gereji yenye epoksi mbichi ifungwe, asiikaribie wiki nzima, na anayepaka asiguse epoksi kwa mikono mitupu, kwa kuwa ngozi ikishaizoea vibaya hupata mzio usioisha. Kuanzia leo, kabla hata ya kununua chochote, acha kufagia kwa ufagio mkavu sebuleni. Tumia mopu yenye unyevu na sabuni ya kawaida isiyo na asidi. Siki na dawa za kung'arisha vyoo usizitumie kabisa kwenye sakafu hiyo, kwa kuwa hula saruji na kuzalisha vumbi jipya.